Sumaku Chini ya Sufuria

Gesi imeisha Jumanne usiku, maharagwe yakiwa bado mawe.
Gitonga wa mitungi kafunga, simu kaizima,
na mahindi ya kuchoma pale chini Baba hayawezi:
meno yake ya bandia yamebaki Nyamache,
ndani ya gilasi, dirishani.

Basi nikaishusha kutoka juu ya kabati
sufuria ya umeme, ya kupikia wali,
zawadi ya chama. Haijaonja wali
tangu mchele upande bei.
Tokeni: nne nukta mbili.
Taa, simu ya Baba, dakika kumi za moto.
Nikapiga hesabu kwa vidole, mara mbili. Zitatosha.

Maji vikombe viwili. Nikabonyeza.
Kitaa chekundu kikafungua jicho.
Nikavunja tambi za pakiti juu ya goti,
na kile kipakiti cha viungo
nikakisukuma chini ya sahani.

"Nimekiona," akasema Baba.

Chumvi, daktari kakataa.
Maji, vikombe vitatu kutwa,
na chai imo humo, na uji umo humo,
na yale ya kumezea tembe.
Jumatatu na Alhamisi mashine humkamua saa nne,
na mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mishipa,
ukiugusa unavuma.
"Transfoma," huwaambia wauguzi,
maana miaka thelathini alipanda nguzo za stima
akiwasha vijiji vya watu
kabla kwake hakujawaka.

Tukangoja.
Mfuniko ukacheza, povu likamwagika,
likatambaa mezani hadi kwenye kadi ya kliniki.
Nikaipangusa kwa kanga. Nikangoja ile sauti,
ile *tak* ya kusema tayari.
Sufuria ikazidi kuchemka tu, haina habari nasi.

"Haitalia," akasema.
Akainama, akaitazama kwa chini
kama fundi aliyeitwa kwa dharura.
"Hapo ndani pana sumaku.
Maji yakiwepo, joto halipiti kiasi, sumaku inashika.
Yakikauka, joto linapanda, inachoka, inaachia.
*Tak.*
Imefunzwa wali, hii, na wali hunywa maji yote.
Tambi zako zinaogelea.
Hapa mtu aamue mwenyewe."

Nikachomoa waya.
Nikayamwaga maji kwenye sinki, yote,
mvuke ukanipanda usoni,
na macho yake yakayafuata
hadi kwenye tundu.

Kitunguu, ndimu, yai moja tukagawana.
"Kamba za viatu," akasema,
"vya watoto wa shule. Wa chekechea."
Akazikata kwa kijiko, akazitafuna kwa ufizi,
akala za kwake, akaniangalia,
akala na robo ya zangu.

Kisha mkono ukaingia chini ya sahani.
Sikusema kitu.
Akakirarua kile kipakiti pembeni, kidogo tu,
akakipeleka puani, akafumba macho,
akavuta pumzi ndefu ya kuku asiyekuwepo.
Akakikunja mara tatu. Akanirudishia.
"Ficha vizuri zaidi," akasema.

Saa saba za usiku mita ikalia, mara moja, mara mbili,
giza likashuka Umoja yetu, chumba nambari kumi na tisa peke yake.
Hesabu yangu ilisahau friji.
Mimi nililala chini, kwenye godoro la wageni,
yeye kitandani kwangu, uso ukutani,
na mkono wa kushoto umening'inia nje ya blanketi
karibu kabisa na sikio langu.

Nikaugusa kwa kidole kimoja.
Unavuma.
Nikaacha kidole papo hapo,
maharagwe yangu yakilowa gizani kwenye sufuria nyingine,
hadi muadhini wa mtaa wa pili akakohoa
ndani ya kipaza sauti.